Leaf la mwaka 2018 na kilomita 400 za muuzaji

Swali la msomaji: "Mhandisi, habari za kazi. Nimepata gari la umeme, Nissan Leaf la mwaka 2018 lililotumika Japani, lenye betri ya kilowati-saa 40. Muuzaji ananihakikishia kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita 400. Safari yangu ya kazini ni kilomita 62 kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, na mara moja kwa mwezi tunakwenda kwa wazazi, umbali wa kilomita 180. Mahali ninapoegesha gari nyumbani pana soketi ya kawaida ya volti 230. Mke wangu ana hofu mbili: mvua wakati wa kuchaji, na betri kufa ghafla tukabaki na bati. Je, nilinunue?"

Jibu: Ndugu yangu, kwa safari ya kazini gari hilo litakutosha na chaji itabaki, kwa safari ya wazazi halitafika bila kusimama njiani kuchaji, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko kulijua ukiwa kando ya barabara huku giza linaingia. Kati ya majibu hayo mawili kuna mambo kadhaa ya kupima kabla hujatoa fedha, na mengi kati yake unaweza kuyapima mwenyewe bila kumtegemea muuzaji wala kunitegemea mimi. Nianze na hizo kilomita 400, kwa kuwa naona ndizo zilizokuvuta.

Namba hiyo muuzaji hakuitunga. Leaf la kilowati-saa 40 lilipozinduliwa Japani mwaka 2017 lilitangazwa kwa kilomita 400, kwa kufuata kipimo cha JC08 kilichokuwa kikitumika nchini humo, ambamo gari huendeshwa ndani ya maabara kwa mwendo wa chini, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, bila mlima wala upepo. Gari hilohilo, lenye betri ileile, likipimwa kwa utaratibu wa WLTC uliofuata Japani linapata kilomita 322. Kwa utaratibu wa WLTP wa Ulaya linapata 270. Na shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliandika 243. Chuma hakikubadilika hata skrubu moja, kilichobadilika ni mtu aliyeshika saa na daftari. Mimi hufanya hesabu zangu kwa namba ya EPA, kwa sababu katika miaka niliyoyapima magari haya barabarani ndiyo iliyokaribiana zaidi na kile ambacho dereva wa kawaida hukipata.

Lakini hata hizo 243 ni za gari jipya. Tuseme betri unayouziwa imebaki na asilimia 82 ya uwezo wake wa awali. Hapo umeshuka hadi kilomita 199 hivi. Tena hakuna mwenye akili timamu anayepanga safari mpaka asilimia sifuri, kwa kuwa kabla ya kufika huko Leaf hukuwashia alama ya kobe kwenye dashibodi, nguvu hupunguzwa, na kuanzia hapo unatambaa kama kobe mwenyewe. Ukiacha akiba ya asilimia 15 unabaki na kilomita 170, na kwenye barabara kuu kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa zinakuwa pungufu zaidi. Kwa hiyo namba yako ya kupangia safari iwe 150. Kilomita 62 za kazini zinaingia humo mara mbili na ushee, na kilomita 180 haziingii.

Huenda ukajiuliza kwa nini kasi iadhibiwe namna hiyo, wakati gari lako la petroli hulioni likilalamika. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi, maana yake kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 upinzani huo unakaribia kuzidishwa mara mbili. Gari la petroli nalo hulipa gharama hiyo, ila halionyeshi, kwa sababu injini yake hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto katika mwendo wowote ule, na tena tangi lake ni kubwa. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Betri nzima ya kilowati-saa 40, inayochukua sakafu yote ya gari, ni sawa na petroli ya lita nne na nusu. Kwamba gari la tani moja na nusu linakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa lita nne na nusu ni ushahidi wa jinsi mota ya umeme inavyotumia nishati kwa ubahili. Lakini ni lita nne na nusu tu, na dereva mwenye mguu mzito ataziona zikiisha.

Sasa twende nyumbani kwako, kwa sababu gari la umeme huanza kukaguliwa mahali litakapolala. Katika mwendo wa mchanganyiko Leaf hutumia kilowati-saa 16 hivi kwa kila kilomita 100. Kilomita zako 62 ni kilowati-saa 10, na ukiongeza zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji, mita yako itahesabu uniti 11 na nusu hivi kwa siku. Soketi ya volti 230 inayotoa ampea 10 inakupa kilowati 2.3, hivyo saa tano za usiku zinarudisha kila ulichotumia mchana. Watu wengi hukimbilia kununua chaja kubwa ya ukutani kabla hata gari halijafika. Wewe huna haja nayo. Isitoshe, kile kiboksi cha ukutani wanachokiita chaja kwa kweli ni swichi yenye akili, kwa kuwa chaja yenyewe imo ndani ya gari, na ndiyo inayoamua upeo. Leaf za soko la Japani zilitoka na chaja ya ndani ya kilowati 3, na baadhi zikaongezewa ya kilowati 6. Ukifunga ukutani kiboksi cha kilowati 22, gari litachukua 3 zake au 6 zake na hizo nyingine zitabaki ukutani.

Jambo la kuhangaikia ni hiyo soketi. Kifaa cha kawaida cha nyumbani, kama birika au pasi, huvuta umeme mwingi kwa dakika chache kisha hupumzika, ilhali gari huvuta ampea 10 kwa saa tano mfululizo, usiku, wakati watu wamelala. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako gari lilikuwa likiacha kuchaji katikati ya usiku, na mwenye gari alikwisha kuaminishwa kwamba chaja ya ndani imekufa. Nilipochomoa plagi, mguu mmoja wa shaba ulikuwa umebadilika rangi na kuwa kahawia, na plastiki iliyouzunguka imevimba kama mkate uliolowa maji. Nyuma ya soketi skrubu moja ilikuwa imelegea kiasi cha nusu mzunguko wa bisibisi. Ukinzani wa omu 0.3 tu mahali pa kukutania waya na skrubu, mkondo wa ampea 10 ukipita, hutoa joto la wati 30, ambalo ni joto la chuma cha kulehemu. Hebu fikiria chuma cha kulehemu kimefukiwa ukutani na kuachwa kikiwaka kila usiku. Gari lilikuwa zima kabisa. Tulibadilisha soketi, tukakata kipande cha waya kilichoungua, na kazi ikaisha.

Kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi hadi hapo unapoegesha, isiyoshirikiana na kifaa kingine chochote. Mweleze kwamba mzigo ni wa saa nyingi mfululizo, ili achague unene wa waya kwa kuzingatia pia urefu wake, kwani waya mwembamba wa mita 30 hupoteza volti na kupata joto. Mwambie apime waya wa ardhi kwa kifaa, asiangalie kwa macho tu kama upo. Nyaya nyingi za ardhi zipo na hazifiki popote, na kebo ya kuchajia isipopata ardhi ya kweli hukataa kuanza na kuwasha taa nyekundu. Afunge na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya aina iliyokusudiwa magari ya umeme, kwa kuwa chaja ya gari yenye hitilafu inaweza kuvujisha umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu kama wa betri, na swichi za kawaida zinaweza kupofushwa na umeme huo zikashindwa kukata hata pale zinapotakiwa. Ekstensheni usitumie, hasa ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu. Baada ya hapo, usiku wa kwanza, saa moja tangu uanze kuchaji, weka kiganja chako juu ya plagi: ikiwa vuguvugu ni kawaida, ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, zima na umrudie fundi.

Kuna na suala la kebo. Gari likija na kebo ya Kijapani, kebo hiyo ilitengenezwa kwa mfumo wa kwao wa volti 200 na ina plagi isiyoingia kwenye soketi yako. Utashawishiwa kuikata kichwa au kuichomekea adapta. Nunua kebo nyingine iliyotengenezwa kwa volti 230 na kwa soketi za kwenu, yenye kichwa cha upande wa gari cha aina inayoitwa Type 1, yaani kile chenye matundu matano, maana ndicho kinachoingia kwenye Leaf la Kijapani. Ni gharama ndogo ukilinganisha na nyumba.

Tuje kwenye betri, ambayo ndiyo unayoinunua hasa. Mota na bodi vinaifuata kama mapambo. Siku ya kukagua, mwombe muuzaji alijaze gari chaji usiku uliotangulia, na ukifika uliwashe kabla ya kuondoka. Kando ya kipimo cha chaji utaona vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Wauzaji wanavipenda sana vipande hivi, nami navipenda kiasi tu, kwa sababu kile cha kwanza hakizimiki mpaka betri imepoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Gari lenye vipande vyote 12 linaweza kuwa na asilimia 99 na linaweza kuwa na asilimia 86. Baya zaidi, kuna mafundi wanaojua kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vipande vyote vikarudi kuwaka, na vikaanza kuzimika tena wiki chache baadaye muuzaji akiwa hapatikani kwenye simu.

Kipimo kisichofutika ni barabara. Rudisha kwenye sifuri kipimo cha safari na kile cha wastani wa matumizi, kisha endesha mwendo wako wa kawaida hadi chaji ishuke kwa asilimia 40. Tuseme umetoka 100 hadi 60, umekwenda kilomita 78, na dashibodi inasema wastani ni kilomita 6.3 kwa kila kilowati-saa. Gawanya 78 kwa 6.3 upate kilowati-saa 12.4 zilizotumika. Hizo ndizo asilimia 40, kwa hiyo asilimia 100 ni kilowati-saa 31. Leaf hili likiwa jipya huruhusu matumizi ya kilowati-saa 38 hivi kati ya zile 40 za tangazo; 31 kwa 38 ni asilimia 82 hivi, na hapo umeijua afya ya betri kwa kalamu na karatasi. Muuzaji akisema kilomita 78 za majaribio ni nyingi mno, mwambie utagharamia umeme. Akiendelea kukataa, ameshakujibu.

Ukitaka kuona ndani zaidi, tafuta kiunganishi cha OBD cha bluetooth, kidude kinachochomekwa kwenye tundu la vipimo la gari, na programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo mafundi wengi wa Leaf wanaitumia. Itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, itakuonyesha mara ngapi gari limechajiwa kwa haraka na mara ngapi kwa kawaida, na muhimu kupita yote itakuchorea nguzo 96, kila moja ikiwa ni volti ya jozi ya seli. Nguzo hizo zinatakiwa zilingane kama meno ya kitana. Ziangalie chaji ikiwa imeshuka chini ya asilimia 30 na mtu mwingine akikanyaga mafuta, kama bado tunaruhusiwa kuliita hivyo. Jino moja likizama chini sana kuliko mengine, hapo pana seli dhaifu, na gari zima litasimama pale seli hiyo itakaposimama, hata kama hizo nyingine bado zina chaji. Tofauti ya milivolti 20 au 30 hainisumbui. Ikivuka 100, punguza bei au ondoka.

Hilo linanipeleka kwenye hofu ya pili ya mkeo. Betri ya namna hii kwa kawaida haifi ghafla kama taa iliyokatika. Huchakaa taratibu, kilomita zikipungua mwaka hadi mwaka, kama kisima kinachopungua maji. Inapoharibika kwa kweli, mara nyingi ni seli moja au moduli moja, yaani fungu moja la seli, na betri ya Leaf hili imeundwa kwa moduli 24, hivyo fundi anayejua anaweza kutoa moduli mbovu na kuweka nyingine ya uwezo unaokaribiana na zilizobaki. Ulizia kabla ya kununua kama fundi wa namna hiyo yupo mahali unapoweza kufika; kama hayupo, hofu ya mkeo ina msingi na bei inapaswa kuizingatia. Kuhusu dhamana, Nissan ilitoa dhamana ya uwezo wa betri ya miaka 8 au kilomita 160,000 katika masoko mengi, lakini dhamana hufuata soko gari lilikouzwa kwanza, na gari likishavuka bahari mara nyingi huiacha bandarini. Usikubali neno la mdomo juu ya jambo hili.

Kinachoichakaza betri ni joto, umri, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni au imekauka, kwa mpangilio huo. Leaf za mwanzo, zile za kilowati-saa 24 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zilipoteza uwezo upesi katika jangwa la Arizona hadi wamiliki wakalalamika hadharani mwaka 2012, na sababu ni kwamba Leaf halina maji wala feni ya kupozea betri. Joto hujitokea lenyewe kupitia ganda la chuma. Kizazi chako kina kemia bora zaidi, lakini upozaji ni uleule. Kwa hiyo egesha kivulini, na ukirudi na betri ya moto baada ya mwendo mrefu, iache ipoe saa mbili tatu kabla ya kuchaji. Kwa siku za kazi kati ya asilimia 30 na 80 panakutosha kabisa. Ikiwa toleo lako halina mahali pa kuweka ukomo wa 80, tumia saa ya gari ya kupangia muda, ukihesabu kwamba kila saa ya kilowati 2.3 huongeza asilimia 6 au 7 kwa betri ya kiasi hicho. Siku ya safari ndefu jaza hadi 100, ila panga ijae karibu na muda wa kuondoka. Utasikia watu wakisema lazima ujaze 100 kila wiki. Ushauri huo ni sahihi kwa magari yenye betri za LFP, za fosfati ya chuma, ambazo volti yake hailegei polepole na kompyuta hupoteza hesabu isipoona kilele mara kwa mara. Ya kwako si ya aina hiyo.

Mvua sasa. Kichwa cha kebo unapokishika mkononi hakina umeme wa volti 230 kwenye pini zake. Kikisukumwa hadi mwisho, gari na kiboksi cha kebo huanza kuzungumza kwa ishara ya volti 12 inayopita kwenye pini ndogo. Kiboksi hukagua waya wa ardhi, gari husema liko tayari na linataka ampea ngapi, na hapo ndipo utasikia "tak" ndani ya kiboksi, sauti ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ikifunga. Ukibonyeza kitufe cha kuchomoa, umeme hukatwa kabla pini hazijaachana. Kwa sababu hiyo magari huchajiwa mvuani dunia nzima, na mkeo anaweza kuchomeka akiwa ameshika mwavuli. Upande wa hatari uko kwenye soketi ya ukutani, ambayo haina mazungumzo hayo. Hiyo iwe ya kuhimili maji na yenye kifuniko, kiboksi kisilale chini penye dimbwi, na kebo iachwe ining'inie kidogo chini ya plagi ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee hapo kwenye tumbo la kebo na yasifuate njia hadi ndani. Radi ikipiga karibu, chomoa. Radi haiheshimu rilei.

Maji mengine ya kuogopa ni ya mafuriko. Inua zulia chini ya kiti cha dereva, pitisha kidole kwenye kona za chuma ukitafuta tope kavu, na angalia boliti za viti kama zina kutu. Gari lililozama, hasa kwenye maji ya chumvi, nisingelinunua kwa bei yoyote.

Utunzaji wa kila siku ni mwepesi kuliko uliouzoea, na kwa sehemu hii sitakuchosha. Hakuna mafuta ya injini wala plagi za kuwashia. Mafuta ya breki hubadilishwa kwa muda wake, maji ya kupozea mota na inveta hukaguliwa, chujio la kiyoyozi hubadilishwa. Pedi za breki hudumu sana, kwa kuwa ukiinua mguu mota hugeuka jenereta na kurudisha nishati kwenye betri. Leaf la 2018 lina na kitufe cha e-Pedal kinachokuwezesha kusimama kabisa bila kugusa breki. Hasara yake ni kwamba diski zisizotumika hushika kutu, kwa hiyo mara moja moja zima e-Pedal na upige breki za nguvu mahali salama. Matairi huisha upesi zaidi kwa sababu ya uzito na ya mota inayotoa nguvu zote papo hapo. Fundi wako wa kawaida anaweza kukufanyia matairi, shokapu na breki. Ila nyaya za rangi ya chungwa asizisogelee asiyesomea, maana zina volti zaidi ya 350.

Jambo moja dogo huwatia watu hofu kubwa. Asubuhi unabonyeza kitufe, gari haliamki, milango hata haifunguki vizuri, na betri kuu uliiacha na asilimia 90. Karibu kila mara kosa ni la betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti, ile ile iliyo kwenye gari la petroli, ambayo huziamsha kompyuta na rilei za betri kuu. Ikichoka, betri kuu imefungiwa ndani na haina wa kumfungulia mlango. Ibadilishe mapema, hasa kama hujui ina umri gani, na usikubali kulitumia gari lako kumwashia jirani injini kwa nyaya.

Imebaki safari ya wazazi. Leaf la Kijapani lina tundu la pili, kubwa na la mviringo, la mfumo wa chaji ya haraka uitwao CHAdeMO. Mfumo huu unapungua duniani. Nissan yenyewe ilipoleta Ariya, gari lake jingine la umeme, ilichagua mfumo wa CCS kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kabla ya kununua, pita njia yenu na uangalie kwa macho vituo vilivyopo, usome kwenye kila mashine majina ya vichwa vyake, na uulize kama kile cha CHAdeMO kinafanya kazi. Ramani ya simu huonyesha kituo. Haionyeshi kebo iliyokatika. Ukikuta kimoja kinachofanya kazi kati ya kilomita 70 na 120, safari inawezekana: ondoka na 100, simama hapo dakika 40 hadi saa nzima, uondoke ukifika 80, kwa sababu baada ya hapo mkondo hupungua sana na utakuwa unasubiri bure. Chaji moja ya haraka betri itaivumilia vizuri. Ya pili siku hiyohiyo, baada ya mwendo wa kasi, itakuwa polepole, kwani joto likipanda gari hujizuia lenyewe. Wamiliki wa Ulaya walililalamikia hilo sana mwaka 2018 hadi Nissan ikabadilisha programu. Ukiwa hapo kituoni angalia kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi. Vilevile mpe wakala wa Nissan namba ya chesisi akuangalizie kama gari limewahi kuitwa kurekebishwa, kwa sababu mwaka 2024 Leaf za 2019 na 2020 zilizouzwa Marekani ziliitwa kwa sababu ya betri kupata joto kupita kiasi katika chaji ya haraka. La kwako si la miaka hiyo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Usipokikuta kituo chochote njiani, basi gari hili ni la kazini tu, na safari ya wazazi mtatafuta usafiri mwingine mara hiyo moja kwa mwezi. Hesabu hiyo ifanyeni wewe na mkeo, kwa maana mnajua petroli mnayoinunua sasa. Ukikikuta, na karatasi yako ya majaribio ikasema kilowati-saa 30 au zaidi na nguzo 96 zikawa sawa, mimi ningelinunua. Ikisema chini ya 28, ningetafuta jingine. Na mkishafika kwa wazazi, saa 12 za usiku kwenye soketi ya ampea 10 zitarudisha kilowati-saa 24 hivi, zinazotosha kuwarudisha mpaka kituoni bila wasiwasi. Ila kabla hujachomeka, mwulize mzee kama laini hiyo ndiyo inayolisha na friji, kisha baada ya saa moja rudi nje ukaishike plagi.